Nilikuwa Naogopa Majagi

Kanisani kwetu ushuhuda huwa wa ugonjwa uliopona, viza iliyotoka, mume aliyeacha pombe. Wangu ni wa majagi. Nilipousimulia mara ya kwanza mbele ya ibada, akina mama wa viti vya nyuma walicheka hadi wakafuta machozi, nami sikuwalaumu. Ila hofu ni hofu, na aliyefunguliwa ana haki ya kusema alivyofunguliwa.

Nimezaliwa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, katika nyumba ya walokole wa enzi zile ambapo mhubiri akiingia kijijini, jioni lazima moto uwashwe. Watu walileta hirizi, na hapo sina neno. Zikafuata kaseti za muziki wa dansi, picha za ukutani, na vinyago. Tulifundishwa kwamba kitu chenye uso kina macho, na chenye macho kina anayetazama kupitia macho hayo. Vyungu havikuguswa. Jikoni kwetu vilijaa vyungu vya Wakisi, vile vinavyofinyangwa na akina mama wa Ikombe bila gurudumu na kuletwa kwa mtumbwi hadi soko la Matema, wala hakuna aliyewahi kuviombea. Havikuwa na uso, basi vilikuwa salama. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, na nilipohamia Uingereza nilikuja na hofu hiyo mfukoni pamoja na pasipoti.

Nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani katika mji wa Stoke-on-Trent. Mji huo kwa kweli ni miji sita iliyoungana: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, na yote sita ilijengwa na udongo. Vikombe na sahani za Waingereza, na za makoloni yao, vilitoka huko kwa zaidi ya miaka 200. Zamani matanuri ya matofali yenye umbo la chupa yalizidi 2,000, yakitoa moshi mchana na usiku, hadi sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 na matanuri ya gesi na umeme vilipoyanyamazisha. Leo yamebaki chini ya 50, mengine katikati ya maegesho ya magari. Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilijua namba ya basi na saa ya kuingia zamu.

Bibi niliyepangiwa alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu. Nilimwita Bibi kwa Kiswahili kwa sababu ulimi wangu ulikataa kumwita mzee kwa jina lake la kwanza kama walivyofanya wenzangu, naye akalizoea. Ukumbi wake, kuanzia mlango wa mbele hadi jikoni, ulikuwa na rafu pande zote mbili, na juu ya rafu hizo kulikuwa na vichwa. Vichwa vya watu, vya udongo, vimekatwa mabegani, vinang'aa, na kila kimoja kina mkono wa kushikia nyuma na mdomo wa kumiminia. Mzee wa pua nyekundu na kofia ndefu. Mwanamke wa nywele za dhahabu. Mwanamume wa masharubu mazito, miwani na sigara. Mwingine ana pua ambayo peke yake ingetosha kuwa jagi. Na karibu na swichi ya taa, mahali ambapo huwezi kukwepa kupeleka mkono, mtu mweusi anacheka.

Zamu ya usiku nilipita hapo nikitazama sakafu na kuimba tenzi kimoyomoyo. Baadaye nikaanza kuvifunika vichwa kwa shuka, nikizitoa alfajiri kabla Bibi hajaamka. Kuna usiku nilipaka mafuta ya upako kwenye ukingo wa kila rafu. Asubuhi Bibi alipitisha kidole, akanishukuru kwa kung'arisha mbao zake.

Mabadiliko yangu hayakuja kwa maombi ya mkesha, ingawa mkesha niliufanya. Yalikuja siku ya kufuta vumbi. Nilikuwa nafuta huku nimegeuza uso, na jagi likaniteleza, nikalidaka kwa bahati. Bibi, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, hakupiga kelele. Aliniambia nilipindue nisome chini. Chini kulikuwa na muhuri wa simba aliyesimama juu ya taji, jina la Royal Doulton, namba inayoanza na herufi D, na pembeni herufi mbili ndogo zilizoandikwa kwa brashi. Akauliza kama najua ni za nani. Zilikuwa za kwake.

Alikuwa ameingia kiwanda cha Nile Street, Burslem, akiwa binti wa shule, na akakaa mezani na brashi hadi kustaafu. Macho niliyoyaogopa aliyapaka yeye. Alinieleza jicho linavyopakwa: kwanza rangi ya mboni, kisha kiini cheusi, na mwisho tone dogo la nyeupe. Tone hilo ndilo linalompa mtu uhai. Likikaa juu kidogo amechangamka, likishuka anakuwa mlevi. Halafu akasema, bila kujua alichokuwa ananifanyia, kwamba siku za mwisho wa mwezi walikuwa wanapaka macho mengi mno, hadi akifumba yake usiku anayaona. Wakati wote huo mimi nilidhani kuna mtu ananitazama kupitia macho yale. Aliyekuwepo ni yeye, na alikuwa anawaza ada ya shule ya kushona ya dada yake.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa na somo ndani yake. Ningemwogesha, ningempa dawa, halafu ningeshusha jagi moja naye angenieleza. Niliyoyashika nitayasema, kwa sababu hofu yangu iliondoka kwa kujua kitu kinavyotengenezwa, hatua kwa hatua.

Msanii huchora, kisha mfinyanzi wa sura hukiumba kichwa chenyewe kwa udongo kwa mkono, kikubwa kidogo kuliko kitakavyokuwa, maana udongo hunywea ukikauka na kuchomwa. Juu ya kichwa hicho hutengenezwa kalibu ya plasta, yenye vipande kadhaa vinavyofungana. Hapo ndipo ulipo ujuzi ambao mnunuzi hauoni: kidevu, pindo la kofia, tundu la pua, vyote lazima vikatwe mahali ambapo kalibu itachomoka bila kung'oa sura. Kisha humiminwa uji wa udongo. Plasta hunyonya maji, ukuta wa udongo hujijenga kwa ndani, na ukifika unene unaotakiwa, uji uliobaki humwagwa. Ndiyo maana kichwa ni kitupu na kinaweza kubeba maziwa. Mkono hutengenezwa peke yake na kugandishwa kwa uji uleule. Mishono ya kalibu hukwanguliwa kwa kisu na kupanguswa kwa sponji, jagi huchomwa mara ya kwanza, hupakwa rangi, huchovywa kwenye maji mazito yanayogeuka kioo motoni, na huchomwa tena. Kalibu nayo huchoka. Ikishatumika mara kadhaa, makunyanzi ya uso huanza kufifia, na hutupwa ikatolewa mpya. Nilipojua hilo nikaanza kuona kwenye rafu ni jagi lipi lilitoka kwenye kalibu changa na lipi lilitoka kwenye kalibu mzee. Kitu ambacho unaweza kuikosoa kazi yake hakikutishi tena.

Historia ya majagi nayo Bibi aliisimulia kana kwamba anaongelea ukoo wake. Karne ya 18 wafinyanzi wa mkoa huo walikuwa wanatengeneza jagi la mzee mnene aliyeketi na kikombe cha bia, amevaa kofia ya pembe tatu, na pembe moja ya kofia ndiyo mdomo wa kumiminia. Huyo aliitwa Toby. Doulton yenyewe ilianzia Lambeth, London, mwaka 1815, ikaingia Burslem mwaka 1877, ikapewa haki ya kujiita ya kifalme mwaka 1901. Msanii wao Charles Noke ndiye aliyefufua jambo hili mwaka 1934 kwa kuacha kiwiliwili na kubakiza kichwa na mabega. Jagi lake la kwanza la aina hiyo, John Barleycorn, lilikuwa shayiri ya bia iliyopewa uso wa binadamu. Walevi, majambazi wa barabarani kama Dick Turpin, wahusika wa riwaya za Dickens: hao ndio waliokuwa mashujaa wa mwanzo. Nikamwambia Bibi kwamba mhubiri wetu wa Kyela angepata kuni za mwaka mzima.

Waigizaji na wanamuziki wa Marekani walikuja baadaye, kuanzia mwaka 1983, katika mfululizo uliolenga wanunuzi wa huko. Mae West na W. C. Fields walitangulia. Walifuata Louis Armstrong, Groucho Marx na, mwaka 1985, Jimmy Durante mwenye pua. Hawa walikuwa watu wa vichekesho, filamu na muziki wa nusu ya kwanza ya karne ya 20, na wakati majagi yanatoka wote walikuwa wamekwisha kufariki. Uzuri wa majagi haya uko nyuma, kwenye mkono. Hapo ndipo msanii huweka maisha ya mtu. Mkono wa Fields ni bakora. Wa Durante ni vibonye vya piano. Wa Armstrong ni tarumbeta na leso, ile leso aliyojifutia jasho jukwaani hadi ikawa sehemu ya jina lake. Ukitaka kumjua mpaka rangi kwa kweli, Bibi alisema, usitazame uso. Uso kila mtu anajitahidi. Tazama kama leso imepakwa kivuli kwenye mikunjo.

Kulikuwa na pengo kwenye rafu kati ya Groucho na Armstrong, na nilidhani kimevunjika kimoja. Lilikuwa la mwigizaji Clark Gable. Kiwanda kilianza kulitoa jagi lake mwaka 1984, mkono wake ukiwa kamera ya filamu, lakini wenye haki juu ya sura yake hawakuridhia, likasimamishwa na yaliyokwisha kutoka yakaitwa yarudi. Machache yaliponyoka, na leo ndiyo wakusanyaji wanayoyawinda kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mpwa wangu wa London atasoma hapa na kuacha kazi akalitafute. Bibi hakuwahi kuwa nalo. Aliacha nafasi, kama wanavyofanya watu wenye imani.

Sasa nirudi kwa yule mtu mweusi karibu na swichi, yaani Armstrong.

Mpwa wangu huyo alipokuja kunitembelea na kuliona, alikasirika. Aliniambia hilo ni tusi: Waingereza wamechukua uso wa mtu wetu wakaukuza midomo na meno, wakautilia maziwa. Hakuwa anaongea upuuzi. Marekani na Uingereza zina historia ndefu ya kutengeneza vyombo vya nyumbani vyenye sura za watu weusi kwa ajili ya kuwacheka, vibubu vya senti na makopo ya biskuti, na mimi mwenyewe nimeviona sokoni vikiuzwa bila haya. Kwa hiyo tulivishusha vichwa vyote tukavipanga mezani jikoni, tukavitazama kama mahakama.

Hukumu yangu ni hii, na mpwa wangu ana yake. Katika majagi haya hakuna aliyesamehewa. Pua ya Fields ni ya mlevi, pua ya Durante ni kama mlango, nyusi za Groucho ni viwavi, na mwenye kukuza alikuza kile ambacho mtu huyo mwenyewe alikuwa anakiuza jukwaani. Armstrong alicheka mbele ya watu kwa miaka hamsini. Kicheko kilikuwa kazi yake. Lawama kwamba anawachekea wazungu alizisikia akiwa hai, kutoka kwa wanamuziki weusi vijana. Na ni huyohuyo aliyekataa mwaka 1957 kwenda Urusi kwa niaba ya serikali ya Marekani, akamshutumu Rais Eisenhower hadharani, kwa sababu watoto weusi walikuwa wanazuiwa mlangoni mwa shule mjini Little Rock. Jagi halisemi hilo. Mkono ungeweza kusema, na hapo ndipo ninapomlaumu msanii, maana tarumbeta na leso kila mtu alikuwa anazijua.

Aliyenimalizia mjadala ni mzee mmoja wa Lubumbashi tunayesali naye. Alikuja kuniletea unga wa muhogo, akakuta majagi bado yako mezani, akamshika Armstrong kwa mikono miwili. "Mama, huyu alifika kwetu!" Kweli alifika. Mwaka 1960 Armstrong alizunguka Afrika, safari iliyobebwa na serikali ya Marekani na kampuni ya Pepsi. Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walimbeba juu juu kwenye kiti kama chifu. Nairobi alipiga. Na Novemba alipiga Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakati jimbo la Katanga limekwisha kujitenga chini ya Tshombe, na Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa, amezuiliwa nyumbani kwake Léopoldville. Miezi miwili baadaye Lumumba aliuawa karibu na mji huohuo. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo, hakuingia ukumbini. Anachokumbuka ni watu wazima wakibishana kwa majuma kama yule alikuja kama ndugu au kama mjumbe wa Wamarekani. Miaka sitini na zaidi imepita, akaanza kubishana upya palepale jikoni na mpwa wangu, kwa Kiswahili cha Kongo na cha Tanzania, huku jagi liko katikati. Mimi nilipika ugali.

Usiku ule nilifungulia muziki wa Armstrong kwenye simu. Muziki wa dunia, ndani ya nyumba niliyopaka mafuta ya upako. Bibi aliniomba niongeze sauti.

Namshukuru Mungu kwamba imani yangu haikupungua hata kidogo. Kuna wapendwa wanaoniuliza kuhusu amri ile ya sanamu, nami huwajibu kwamba katika nyumba ile sikuwahi kuona mtu akimsujudia Mae West, mwanamke aliyehukumiwa kifungo cha siku kumi mwaka 1927 kwa sababu ya tamthilia yake. Alichofanyiwa ni kufutwa vumbi. Ninachokataa sasa ni ile hesabu ya utotoni, kwamba uso ukishakuwepo basi na pepo yupo. Hesabu hiyo imeunguza kazi za mikono ya watu wetu wengi.

Nilipokwenda likizo Kyela nilimkuta kaka yangu ametenga kinyago cha Kimakonde kwa ajili ya moto wa mkutano wa injili. Kilikuwa zawadi ya harusi yake mwenyewe, kilinunuliwa Mwenge, Dar es Salaam. Nikakipindua kutafuta jina chini, halikuwepo. Nikamuuliza kaka nani alikichonga, mti gani, kilichukua muda gani. Hakujua hata moja. Nikamwambia basi asubiri hadi ajue. Hajakichoma, ila amekifungia stoo, na mke wake ananiambia kaka hapendi kuingia humo jioni. Safari ni hatua.

Kiwanda cha Nile Street kilifungwa mwaka 2005, kazi nyingi zikiwa zimehamishiwa Asia, hasa Indonesia, na jengo baadaye likabomolewa. Bibi alilizungumza hilo kwa hasira ya mtu aliyefiwa, lakini hakuwahi kuwasema vibaya Waindonesia. Alisema nao wanalipwa kwa kipande kama alivyolipwa yeye, na macho yanawauma vilevile. Alipohamia kwenye nyumba ya wazee, watoto wake hawakuyataka majagi. Hawako peke yao. Kizazi kilichoyakusanya kinaondoka, wajukuu hawana rafu, na jagi la kawaida ambalo zamani lilifungiwa kabatini leo hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Familia ilinipa niliyotaka. Nilichukua yote yenye herufi zake mbili chini, na Armstrong ni mmojawapo.

Sasa nina meza yangu ndogo, na siku za mapumziko nayatengeneza yaliyovunjika: naunga kwa gundi ya epoksi, najaza pengo, nasawazisha kwa msasa, napaka rangi. Masikio ya kofia na ncha za pua ndiyo hutangulia kuvunjika. Jicho nimejifunza mwisho, na tone la nyeupe bado hunishinda. Wateja wangu wawili watatu wana Churchill anayeonekana amelewa. Huwa nawaambia wazi kwamba jagi limeungwa, na mahali palipoungwa nawaonyesha, kwa sababu kuna wauzaji wanaoficha.

Kwa hiyo mpendwa unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna kitu chenye uso ambacho mmeambiwa kivunjwe, kipindueni kwanza msome chini. Ulizeni kilitengenezwa na nani, na alilipwa nini. Mkishajua, na bado mnataka kukivunja, basi msikivunje. Niuzieni mimi, gharama ya posta nitalipa.